Nani Anajua Nini, na Tangu Lini

Kila mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya anaifahamu kazi ya dondoo. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili hupewa sentensi moja au mbili zilizochomolewa katika kitabu teule, kisha huambiwa aeleze muktadha wake kwa alama nne. Jibu hutoka bila kufikiri: maneno haya yanasemwa na fulani, anamwambia fulani, wako mahali fulani, na sababu ni hii. Katika shule za Nakuru, Molo, Gilgil na Njoro, kama kwingineko, vijana wengi wamelihifadhi jibu hilo bila kujua jinsi walivyokuwa karibu na siri ya usukaji wa hadithi. Limebaki swali moja ambalo mtahini haulizi: maneno haya yanaposemwa, msomaji anajua nini ambacho anayeambiwa hakijui, na msemaji anaficha nini ambacho msomaji bado hajakipata? Ninadai katika sura hii kwamba msuko wa riwaya ni ugawaji wa habari. Nani anaambiwa nini, katika ukurasa upi, na nani anaachwa gizani: hapo ndipo kazi ilipo, na matukio yenyewe ni malighafi. Kwa kuwa ugawaji huo hupotea mara tu hadithi inapofupishwa, hakuna muhtasari wala kanuni inayoweza kuufundisha. Anayetaka kujifunza kusuka hana budi kukaa na riwaya zilizokwisha kuchapishwa na kuzifumua.

Ushahidi wa kwanza ni riwaya mbili ambazo, ukizipunguza hadi zibaki matukio matupu, zinakaribia kuwa moja. Joseph Conrad alichapisha Under Western Eyes mwaka 1911. Razumov, mwanafunzi wa Kirusi asiyetaka kuingiliwa na mtu, anamkuta chumbani mwake mwanamapinduzi Haldin, ambaye ametoka kumuua mkubwa wa serikali na anaomba kufichwa. Razumov anakwenda kumsaliti na Haldin anauawa. Baadaye wenzake Haldin wanamchukulia Razumov kuwa mmoja wa mashujaa wao, hadi anapomwungamia dada ya marehemu na kisha kuungama mbele ya wanamapinduzi wote. Ngũgĩ wa Thiong'o alimsoma Conrad kwa makini alipokuwa Makerere. Katika A Grain of Wheat, aliyoiandika akiwa Leeds na ikatoka mwaka 1967, Mugo ni mkulima mpweke wa kijiji cha Thabai. Kihika, mpiganaji wa msituni ambaye ametoka kumuua ofisa wa wilaya, anaingia kibandani mwake usiku. Mugo anamsaliti, Kihika ananyongwa, kijiji kinamfanya Mugo shujaa, naye mwishowe anamwungamia Mumbi, dadake Kihika, kisha anaungama hadharani siku ya Uhuru. Wahakiki waliuona mfanano huu zamani. Kisichosemwa vya kutosha ni kwamba Conrad anatuonyesha usaliti waziwazi katika sehemu ya kwanza ya kitabu, ilhali Ngũgĩ anauficha mpaka kitabu kimekaribia kwisha.

Tofauti hiyo moja imezaa vitabu viwili visivyofanana. Kwa Conrad tunakaa na mwenye hatia tukijua hatia yake, na kila sifa anayopewa na wanamapinduzi walio uhamishoni Geneva inatuchoma sisi pamoja naye. Kitabu kinakuwa cha dhamiri ya mtu mmoja. Kwa Ngũgĩ tumewekwa pamoja na wanakijiji. Tunamtazama Karanja, aliyekuwa upande wa Mkoloni, na kwa kuwa tunamchukia tunaridhika kabisa kwamba ndiye aliyemuuza Kihika. Ukweli unapotoka kinywani mwa Mugo, sisi nasi tumekamatwa: tulihitaji shujaa na tulihitaji mhaini, tukawachagua vibaya wote wawili. Kitabu kinakuwa cha jamii nzima inayoingia Desemba 12, 1963 ikiwa haijajijua. Msomaji wa Naivasha ataona pia kwamba sifa za Kihika, aliyeteka kituo cha polisi kwa silaha chache, zina mwangwi wa uvamizi wa kituo cha Naivasha wa Machi 26, 1953. Historia ilimpa mwandishi tukio hilo. Mahali pa kuliweka, na kile cha kukificha nyuma yake, vilitokana na kusoma.

Wakazi wa Nakuru wana bahati ya kuwa na riwaya mbili zilizosimama kwao, ambazo zinaugawa ujuzi kwa njia zinazopingana kabisa. Zote mbili ziko kwa Kiingereza, jambo ambalo waandishi wa Kiswahili wa Bonde la Ufa wangefaa kulihesabu kama deni. Ya kwanza ni The In-Between World of Vikram Lall ya M. G. Vassanji, iliyotoka mwaka 2003 na kushinda Tuzo ya Giller nchini Kanada mwaka huohuo. Sehemu yake ya kwanza iko Nakuru mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari. Watoto watano wanacheza Jumamosi asubuhi penye maduka: Vikram na dadake Deepa, ambao wazazi wao ni wenye duka, rafiki yao Njoroge, na watoto wawili wa Kizungu, Bill na Annie Bruce, ambao mama yao amekuja kununua mahitaji. Lakini kabla hatujawaona watoto hao, msimulizi amekwisha kutuambia, akiwa mafichoni Kanada, kwamba yeye ni miongoni mwa mafisadi wakubwa kuliko wote barani Afrika. Mwandishi mwoga angeiweka siri hiyo hadi mwisho. Vassanji anaitoa bure katika kurasa za kwanza, na kwa kufanya hivyo analiua swali la kama Vikram ataharibika ili azalishe lingine lenye nguvu zaidi, yaani aliharibikaje. Kuanzia hapo kila kitu kidogo cha utotoni, siri aliyoitunza au neno ambalo hakulisema, tunakisoma kama ushahidi. Mtoto anayenyamaza katika riwaya nyingine ni mtoto mwenye haya tu. Hapa, kwa sababu tunajua atakakofika, ukimya wake unatutia wasiwasi.

Tazama pia jinsi anavyoliweka tukio kubwa la sehemu hiyo, kuuawa kwa familia ya Bruce. Msomaji wa historia atakumbuka familia ya Ruck iliyouawa Kinangop Januari 1953, pamoja na mtoto wao mdogo. Mauaji ya namna hiyo yanamshawishi kila mwandishi aanze nayo, kwa panga, mbwa wanaobweka na mlango uliovunjwa. Vassanji anazitanguliza Jumamosi. Zinarudi na kurudi, michezo ileile na watoto walewale, hata tukadhani hakuna kinachosonga. Kurasa hizo zinazoonekana kupoteza wakati zinatufanya tumzoee Annie, na baadaye, wakati hadithi imekwisha kuhamia Nairobi na kwenye fedha za wakubwa, hatuhitaji kuambiwa kwa nini Vikram bado anamkumbuka. Ukiulizwa katika mtihani ni nini kinachotokea katika kurasa hizo, jibu la haki ni kwamba hakuna kikubwa. Ila ukizing'oa, nusu ya pili ya kitabu inaanguka.

Riwaya ya pili, Dance of the Jakaranda ya Peter Kimani, ilitoka mwaka 2017. Kuna hoteli iitwayo Jakaranda karibu na Nakuru, mwaka ni 1963, na taa zimezimika. Rajan, mwimbaji kijana na mjukuu wa Babu Salim aliyejenga reli, anabusiwa gizani na msichana asiyemjua. Jambo dogo kabisa, karibu la kipuuzi kwa kitabu chenye uzito wa kikoloni kama hiki. Lakini Rajan anataka kujua ni nani, nasi tunataka kujua pamoja naye, na kila hatua ya kumtafuta inafukua ugomvi wa wazee watatu waliokutana kwenye ujenzi wa reli mwanzoni mwa karne: Babu, Mwingereza McDonald na mhubiri Turnbull. Hapa mwandishi hatoi mwisho mwanzoni kama Vassanji, wala hafichi anachokijua mhusika wake mkuu kama Ngũgĩ. Rajan na msomaji hawajui kwa kiwango kimoja, na wanaojua ni wazee ambao wana sababu za kunyamaza. Swali linalomvuta msomaji, basi, si lazima lilingane na uzito wa kitabu. Busu moja limeivuta historia ya miaka sitini. Njia hii ina bei yake, nami sioni sababu ya kuificha: kila tunaporudishwa kwenye miaka ya reli, msomaji aliyenogewa na 1963 anahisi kucheleweshwa, na wengine huvuka kurasa. Mwanafunzi wa usukaji akijikuta anavuka kurasa, na aandike namba zake, kwa sababu amegundua mahali ambapo swali lilipoa.

Kazi yenyewe haina fumbo. Chora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza iwe na matukio kwa mpangilio wa kalenda, kana kwamba yameandikwa na karani wa mahakama. Ya pili iwe na ukurasa ambapo msomaji anapata habari ya kila tukio. Ya tatu itaje ni nani ndani ya hadithi anayeijua habari hiyo wakati huo. Kisha angalia mahali safu ya pili inapokataa kuifuata ya kwanza, na mahali ya tatu inapoachana na ya pili. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka mwaka 2014 na kusomwa katika shule zote kama kitabu teule, inafaa sana kwa zoezi hili. Nchi yake inaitwa Wahafidhina, lakini aliyekuwa Nakuru au Naivasha Januari 2008, au aliyeyaona mahema ya wakimbizi wa ndani katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, hahitaji kutajiwa jina. Nyumba ya Ridhaa inachomwa familia yake ikiwa ndani, na jirani yake Kedi ni miongoni mwa waliohusika. Katika safu ya kalenda moto huo uko mapema. Katika kurasa tunaupata kupitia kumbukumbu, baada ya kumwona Ridhaa akiwa amebaki na maumivu yake. Kwa hiyo hatukai roho juu tukijiuliza kama watapona. Tunajiuliza mtu aliyepoteza kiasi hicho ataishije karibu na jirani yule, na hilo ndilo swali ambalo Bonde la Ufa liliachiwa mwaka 2008.

Daftari hilohilo linatatua jambo ambalo somo la fasihi hulipitia juu juu. Darasani sadfa huorodheshwa miongoni mwa mbinu, mwanafunzi anaitaja, anatoa mfano, anapata alama. Katika riwaya hiyohiyo ya Matei, Umu na ndugu zake wawili, Dick na Mwaliko, wametawanywa baada ya kijakazi Sauna kuwaiba wavulana hao, na mwishoni wote wanakutana tena. Kwa mtahini ni sadfa tupu. Ukijaza safu zako utaona ni vitu viwili tofauti. Mwaliko amelelewa na Mwangemi na Neema, ambao ni jamaa za Mwangeka aliyemchukua Umu, na sisi tumeyajua hayo mapema kuliko watoto wenyewe. Kwa hiyo tumekuwa tukingoja, na wanapoonana tunaona ilikuwa lazima itokee siku moja. Dick na Umu wanagongana tu katika uwanja wa ndege. Hapo hatukuwa tumepewa lolote la kungojea, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu dhaifu ya msuko huo, hata kama moyo unafurahi. Jina moja la mbinu limefunika kazi iliyotayarishwa na kazi iliyoachiwa bahati. Miongozo ya vitabu teule, inayouzwa pengine kuliko riwaya zenyewe, ina kasoro ya aina hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi: husimulia upya sura kwa sura, ikimwaga kila siri mahali inapoona panaeleweka kwa urahisi. Hufaa kwa kukumbusha majina. Kwa anayetaka kuandika, imefuta hasa kile alichokuja kukitafuta.

Pingamizi la kwanza linalotolewa dhidi ya njia hii ni kwamba itazaa waigaji. Haliwezi kupuuzwa, maana kazi za kuiga zipo tele. Lakini tumtazame Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Hakujaribu kuficha alikosomea. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko na akili kali kama Sherlock Holmes, na Najum yuko ubavuni mwake kama Watson. Ukiacha kiko, alichokichukua Abdulla kwa Conan Doyle ni kiti cha Najum: rafiki anayeona kila kitu tunachokiona, asielewe, ili mwandishi apate kutuonyesha ushahidi wote na bado jibu libaki limefichika. Ni kifaa cha kugawia habari, na kifaa hakina uraia. Ndani yake Abdulla alitia mambo ya Unguja, imani ya mizimu na mali za familia, na hakuna mtu aliyesoma kitabu kile akadhani yuko London. Conrad naye alimdharau Dostoyevsky waziwazi, lakini vigumu kuisoma Under Western Eyes bila kuiona Crime and Punishment ya 1866 nyuma yake. Anayefumua kitabu kimoja anachokipenda atakirudia tu. Anayefumua vitano vinavyopingana hawezi kuvirudia vyote, kwa hiyo analazimika kuchagua, na kuchagua kunamtaka ajue hadithi yake mwenyewe inaulizia nini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwetu. Wanasema sisi tuna masimulizi yetu, ya Wakikuyu, ya Wakalenjin, ya pwani, na bibi aliyesema paukwa hakuwahi kusoma riwaya. Ni kweli, na ukweli huo uko upande wangu. Wasikilizaji wa ngano wanajua tangu mwanzo kwamba sungura atashinda. Wameisikia mara nyingi. Kinachowashikilia ni jinsi fanani anavyowachelewesha kwa sauti, kwa kunyamaza, kwa wimbo unaorudi kila zimwi linapokaribia. Naye anawatazama usoni, akiona wamechoka anakata. Mwandishi wa riwaya amenyang'anywa vyote hivyo. Amebakiwa na mpangilio wa kurasa tu, kwa hiyo kazi aliyoifanya fanani kwa koo lake ataifanya kwa kuamua nini kitangulie. Ngũgĩ aliliona hilo alipoandika Caitaani Mũtharabainĩ gerezani Kamiti mwaka 1978 kwenye karatasi za chooni. Alipogeuza lugha na kuandika kwa Kikuyu alijua wasikilizaji wamegeuka pia, na alieleza baadaye jinsi alivyolazimika kuufikiria upya msuko wa tabaka nyingi aliojifunza kwa Conrad na kwa George Lamming. Aliwapandisha watu matatu kwenda Ilmorog, akawaacha wasimuliane kwa zamu, na kitabu kilipotoka mwaka 1980 kikasomwa kwa sauti majumbani na vilabuni. Kusoma kwake hakukumfunga. Kulimpa zaidi ya njia moja ya kuacha.

Wapo pia wasemao kwamba waandishi hodari huandika bila ramani, na kwamba safu zangu tatu zinamsingizia mwandishi hesabu ambazo hakuzifanya. Sina ugomvi nao sana. Safu hazidai lolote kuhusu kilichokuwa kichwani mwa Matei au Kimani; zinaonyesha kilichobaki kwenye karatasi baada ya rasimu zote, na aliyefika huko kwa kupapasa amefika vilevile. Anayeandika bila ramani anazihitaji pengine kuliko mwenzake, ila azijaze akiwa na rasimu mkononi.

Chukua kitu kilicho karibu uone jinsi uamuzi huo unavyobana. Nje ya Nakuru, upande wa Njoro, lipo kasri la Lord Maurice Egerton, lililoanza kujengwa mwaka 1938 na kumalizika 1954. Inasemekana alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya kwanza, na mwanamke huyo hakulitaka hata hilo la pili. Egerton alikufa mwaka 1958 bila kuoa. Anayeijua hadithi hiyo ataitambua nyuma ya nyumba ya McDonald katika riwaya ya Kimani, kwa hiyo imekwisha kutumiwa mara moja na haijaisha. Ukianza na mjenzi anayengoja, msomaji atangoja naye, na kukataliwa lazima kuwe pigo. Ukianza na kasri tupu, huwezi tena kutumia pigo hilo. Itakubidi utafute swali jingine, pengine kwa nini aliendelea kujenga. Njia ngumu zaidi, nayo ndiyo ningependa kuiona ikijaribiwa kwa Kiswahili, ni kumpa hadithi fundi wa mawe aliyeajiriwa akiwa kijana, ambaye kwa miaka mingi anajua kila kitu kuhusu kuta na hajui lolote kuhusu mwanamke. Msomaji wa Nakuru ameisikia hadithi ya kasri, kwa hiyo atakuwa mbele ya fundi kuanzia ukurasa wa kwanza. Mwandishi atalazimika kutafuta kitu ambacho fundi anakijua na msomaji huyo hakijui, na akiweke mahali ambapo kikitoka, hadithi ya mapenzi ya Lord Egerton itaonekana kuwa sehemu ndogo ya kilichokuwa kikijengwa pale.